Hesabu Huanzia Sifuri

Ukiishi karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, katika ukanda wetu, iwe Nyarugusu, Katoro au Kakola, huhitaji kuambiwa kwamba mashine imewashwa. Taa ya sebuleni itakuambia. Mwanga unanywea ghafla, feni inapunguza mwendo, redio inakwaruza, kisha mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Mota inapoamshwa kutoka kusimama hunywa mkondo mara tano hadi nane ya ule itakaoutumia ikishakolea, na waya unaoilisha ndio huo huo unaokulisha wewe na jirani zako. Watu wamezoea. Mtoto anayeandika daftari lake wala hainui kichwa.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Kahama. Kazi inayonipa riziki ni kuufanya umeme wa ukutani utii: hita isiunguze, feni iende taratibu, mota iamke bila kuangusha voltiji ya mtaa mzima. Katika kazi hiyo nimejifunza jambo ambalo naona linamhusu hata asiyewahi kushika bisibisi. Anayetaka kuitawala nguvu haipimi kutoka kileleni. Huipima kutoka sifuri. Na sisi watu wa ukanda huu, kwa sababu ya dhahabu, tumezoea kupima kila kitu kutoka kileleni.

Nianze na umeme wenyewe, maana somo lisilo na mashiko yake hugeuka mahubiri.

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa mkondo geu, volti 230, hezi 50. Hiyo 230 ni kipimo cha kazi inayofanyika tu. Volti zenyewe hazitulii hata nukta moja. Zinapanda kutoka sifuri hadi kufika 325 hivi, zinashuka hadi sifuri, zinavuka upande wa pili hadi 325 tena, kisha zinarudi sifuri. Mzunguko huo hukamilika mara 50 kwa sekunde. Kwa kuwa kila mzunguko unavuka sifuri mara mbili, umeme unaokufikia nyumbani unapita mahali pasipo na volti hata moja mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kwa sababu waya wa ndani ya balbu haupoi upesi kiasi hicho. Kati ya sifuri moja na inayofuata kuna milisekunde 10.

Ndani ya milisekunde hizo 10 ndimo fundi anamofanyia kazi. Kuna kifaa chenye miguu mitatu kiitwacho trayaki, ndugu mdogo wa thairista iliyotoka katika kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1957. Trayaki ni kama lango la boma la ng'ombe: ukiinua ule mti wa mlangoni, kundi linatoka, na hakuna wa kulirudisha mpaka ng'ombe wa mwisho apite. Ukiipa mshtuko mdogo kwenye mguu wake wa tatu, inafunguka na kupitisha mkondo. Ukiuondoa mshtuko, haijali, inaendelea kupitisha. Itajifunga yenyewe mkondo utakapofika sifuri. Kwa hiyo ukishauruhusu umeme huna tena uwezo wa kuuzuia. Uwezo wako ni mmoja tu: kuchagua uuruhusu lini.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Ukilifungua lango mara tu baada ya sifuri, hita inapata nguvu zote. Ukisubiri milisekunde 5, yaani nusu ya njia, inapata nusu. Lakini usidhani mambo yanakwenda kwa mstari ulionyooka. Ukisubiri milisekunde 2.5, ambayo ni robo ya njia, hupunguzi robo ya nguvu. Hita bado inapata takriban asilimia 91. Ukisubiri hadi 7.5, inabakiwa na asilimia 9 tu. Nguvu zimejazana katikati ya safari, na kingoni kuna kidogo.

Anayezipiga hesabu hizo ni maikrokontrola, chipu ndogo kuliko kidole gumba. Ile iliyomo kwenye bodi nyingi za Arduino, bodi ambazo asili yake ni mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, hupiga hatua milioni 16 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kati ya sifuri moja na nyingine inapata hatua 160,000 za kufikiria. Lakini pamoja na wepesi wote huo, chipu haijui lolote kuhusu umeme wa ukutani mpaka iambiwe sifuri iko wapi. Isipoambiwa, itafungua lango ovyo, mara mapema, mara kwa kuchelewa, na balbu itapepesa hadi kichwa kiume. Wepesi usio na mahali pa kuanzia kuhesabu ni vurugu tu.

Kuna mama mmoja mfugaji wa kuku, anakaa njia ya kwenda Isaka, aliniletea mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Lilikuwa sanduku la mbao lenye balbu mbili za waya, feni ndogo, na swichi ya joto iliyokuwa ikibofya usiku kucha. Mayai ya kuku hukaa mle siku 21, na joto linalotakiwa ni nyuzi 37.5 hivi. Swichi ile iliwasha balbu zote kwa nguvu zote. Joto likipita, inazizima zote. Sanduku likawa la kupanda na kushuka. Kila ilipowasha, rilei, yaani kile kifaa cha ndani yake kinachounga na kukata umeme, iliungua mdomo kidogo, mpaka siku moja vyuma vyake vikagandana. Balbu hazikuzima tena, na mayai yakaiva.

"Mwanangu, mimi sitaki kitu kikali," aliniambia. "Nataka joto kama la kuku anayelalia."

Nikaitoa rilei, nikaweka trayaki na chipu. Siku aliyokuja kuichukua akainama kuchungulia ndani, akaona balbu zinawaka kwa rangi ya chungwa, hazijakolea.

"Fundi, mbona taa zenyewe zinasinzia?"

"Zinawaka kwa kiasi cha joto linalotakiwa tu, mama. Joto likipungua zitaongeza zenyewe."

"Na umeme ukipungua je? Kwetu jioni unashuka."

Swali lake lilikuwa la kifundi kuliko alivyojua. Nikaiwasha oskiloskopu, kile chombo chenye kioo kinachochora wimbi la umeme, nikamwita asogee. Mlango wa pili kulikuwa na kijana anachomelea mageti. Kila alipogusisha fimbo yake kwenye chuma, vilele vya wimbi pale kwenye kioo vilishuka, na alipoinua mkono vikapanda tena. Mama akatazama kimya. Nikamwekea kidole pale wimbi linapoukata mstari wa katikati.

"Hapa tazama vizuri."

Kijana akachomelea tena. Vilele vikashuka, lakini mahali pa kukatia palibaki pale pale.

"Kumbe juu ndiko kunakobadilika," mama akasema. "Katikati hakutikisiki."

Sina maneno bora kuliko hayo ya kueleza kwa nini tunahesabu kutoka sifuri. Kilele hakina uaminifu. Leo ni 325, jioni watu wakipika na karasha likiwashwa ni 290, usiku wa manane ni zaidi. Kinategemea nani mwingine ameshika waya. Chipu inayojipima kwa kilele ingebadilisha mawazo kila jirani anapowasha pasi. Sifuri haijali wangapi wametumia. Ndiyo maana ndiyo kipimo.

Sasa tutazame maisha yetu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi hapa Kahama 2009. Mwaka 2011 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 1,900 kwa aunsi, na miji yetu ikapanda nayo: nyumba za wageni, maduka ya vipuri, baa, viwanja vilivyouzwa kabla ya kupimwa. Mwishoni mwa 2015 bei hiyo ilikuwa imeanguka hadi karibu 1,050. Agosti 2020 ikavuka 2,000. Buzwagi yenyewe ikafunga kazi mwaka 2021, na eneo lake likapangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Ni wimbi lile lile, tofauti ni kwamba hili halihesabiwi kwa milisekunde.

Nani aliumia? Wengi walioumia ni wale walioandika bajeti ya nyumba kwa kutazama mwezi mzuri kuliko yote. Mwezi duara, yaani shimo la kuchimbia, lilipotoa mawe ya maana, ndipo mtu akapanga nyumba kubwa, akakopa pikipiki mbili, akaahidi ada ya shule ya bweni, akamposa mke wa pili. Mwezi uliofuata duara likatoa maji na udongo. Mkopo haukushuka pamoja na duara. Ada haikushuka. Alikuwa amefungua lango akiwa kileleni, na kundi lilikuwa limeshatoka.

Tazama na namna tunavyojilinganisha. Juni 2020 Saniniu Laizer wa Mererani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7 hivi, na Agosti mwaka huo huo akauza la tatu. Nchi nzima ilifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini kuanzia hapo nilisikia vijana wa madini ya kila aina wakijipima kwa mtu yule. Kijana anayepata mfuko wake wa mawe kwenye mgao, akasaga, akaosha mwaloni, akauza gramu zake kwa halali katika soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019, anarudi nyumbani akisema hajapata kitu. Hajapata kitu ukilinganisha na nani? Amekipima kipato chake kutoka juu kuja chini, kwa hiyo alichopata ni pengo. Angekipima kutoka chini kwenda juu, kutoka siku ile alipotoka kwao Maswa na begi moja, angekuta gramu.

Hesabu ya sifuri kwa kaya ni swali moja gumu: nyumba hii inahitaji kiasi gani ili ilale imeshiba hata kama duara halijatoa chochote? Unga, mafuta, sabuni, dawa, ada. Namba hiyo haipandi kwa sababu fulani ametoboa kule Mgusu. Ukiijua, kila kinachozidi unakipangia wakati wake. Usipoijua, hata mamilioni hayatakuambia kama umezidi au umepungukiwa.

Wimbi lina jambo jingine ambalo wanaoanza ufundi hulipokea kwa mashaka. Ukiwauliza umeme unabadilika kwa kasi wapi zaidi, wengi husema kileleni, kwa kuwa ndiko kwenye nguvu. Sivyo. Chukua milisekunde moja kuanzia kilele: volti zinashuka kutoka 325 hadi kama 309, tofauti ya 16 tu. Chukua milisekunde moja kuanzia sifuri: zinapanda kutoka hakuna kitu hadi 100. Kileleni wimbi karibu limesimama, na hatua yake inayofuata haina budi kuwa ya kushuka. Mpanda ngazi hushuka, walisema wazee bila oskiloskopu. Lakini wazee hawakutuambia nusu ya pili: aliye sifuri ndiye anayekwenda mbio kuliko wote.

Nimeliona hilo kwa vijana wanaokuja kujifunza kazi. Yule asiyejua hata kupima rezista, ndani ya miezi michache anatengeneza redio. Yule aliyekuja akijiita fundi tayari, mwaka unaisha yuko pale pale, anatetea jina. Na nimeliona kwa wanaonunua makarasha. Habari zikienea kwamba mahali fulani kuna rashi, watu wanamiminika, bei ya mashine inapanda, kodi ya kiwanja inapanda, na wa mwisho kuingia anaingia kwa gharama kubwa kuliko wote wakati mawe yameshaanza kupungua. Trayaki ikifunguliwa kileleni, mkondo unaruka kutoka hakuna kitu hadi mwingi kwa kufumba na kufumbua. Waya wa balbu unashtuka, redio ya jirani inalia. Ikifunguliwa kwenye sifuri, mkondo unapanda pamoja na wimbi, hakuna anayesikia kitu. Wenye hita kubwa za kuchenjulia hupenda njia hiyo ya pili: wanaruhusu mizunguko mizima kadhaa, wanairuka mingine, lakini kila wanapofungua wanafungua penye sifuri. Biashara nyingi zilizodumu hapa Kahama zilianza hivyo, na hakuna aliyesikia zikianza.

Swali linabaki: sifuri inatambuliwaje? Kitu kisicho na volti hakina cha kukuonyesha. Mafundi wanaipata kwa njia ya kuzunguka. Umeme wa ukutani unapitishwa kwenye rezista na kuwasha taa ndogo sana iliyofungiwa ndani ya kifaa kinachoitwa optokapla. Upande wa pili wa kifaa hicho kuna jicho linaloitazama taa ile. Umeme na chipu havigusani kabisa. Vinazungumza kwa mwanga tu, na hilo ndilo linaloiokoa chipu ya volti 5 isikutane na volti 325, na linalokuokoa wewe uliyeshika chipu. Taa inawaka muda mwingi, halafu wimbi likikaribia sifuri inafifia na kuzimika, kisha inawaka tena. Sifuri tunaijua kwa giza lake.

Lakini giza hilo lina upana. Taa inazimika kabla ya sifuri yenyewe, kwa sababu volti kidogo haziwezi kuiwasha, na inawaka baada ya sifuri kupita. Chipu ikikimbilia kusema "hapa ndipo" mara taa inapozimika, imewahi. Ikisubiri mpaka iwake, imechelewa. Fundi makini huandika programu ipime mwanzo wa giza na mwisho wake, igawe kwa mbili. Sifuri ya kweli iko katikati ya giza. Nimekaa na watu waliofiwa, waliofilisika, walioachishwa kazi Bulyanhulu shughuli za chini ya ardhi ziliposimamishwa baada ya zuio la mwaka 2017 la kusafirisha makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi. Siku taa inapozimika mtu anadhani ameshafika chini kabisa, na hapo hapo anauza shamba kwa hasira. Bado hajafika. Ngoja giza lifike katikati yake ndipo uamue. Hapo unajua unasimama juu ya nini.

Na kuna sifuri za uongo. Mashine ya kuchomelea, mota inayozimwa, brashi za grainda, vyote hutupa makelele kwenye waya, na makelele hayo yanaweza kuivusha voltiji mstari wa katikati wakati si wake. Chipu inayoamini kila mtikisiko itafyatua trayaki mara tatu, mara nne ndani ya nusu wimbi moja. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu: ukishaiona sifuri, ziba masikio kwa milisekunde 8, kwa sababu sifuri nyingine haiwezi kuja kabla ya hapo. Ni kanuni ndogo yenye busara kubwa. Katika nchi yetu ya rashi, simu inaita saa nne usiku: Mwakitolyo kumetoka, njoo! Kesho yake ni kijiji kingine. Kijana anayeitikia kila mwito anatumia nauli kubwa kuliko anachochimba. Asiye na muda aliojiwekea wa kutosikiliza hawezi kutofautisha habari na kelele.

Huko kwenye machimbo ambako nguzo hazijafika, umeme ni wa jenereta, na jenereta haina subira. Mota ikilemewa na mawe, injini inazidiwa, hezi 50 zinakuwa 48, na zile milisekunde 10 zinarefuka. Chipu iliyokariri 10 kutoka kitabuni inaanza kukosea. Iliyoandikwa vizuri inapima kila mara umbali kati ya sifuri iliyopita na ya sasa, kisha inapanga kazi yake kwa kipimo hicho kipya. Anayetoka kwenye mshahara wa mgodi mkubwa akaingia kwenye duara na kalenda ile ile ya tarehe 25 atateseka. Mahali pana mapigo yake, na mgeni anapaswa kuyapima kabla ya kufungua lango.

Nifike kwenye jambo ambalo nalipenda kuliko yote, nalo ni feizi tatu. Umeme hutoka kwenye transfoma ukiwa mawimbi matatu. Yanafanana kwa kila kitu isipokuwa kwamba hayapiti sifuri pamoja. Moja likishapita, jingine linafuata baada ya milisekunde 3.3, kisha la tatu. Nyumba yako inaweza kuwa feizi moja, ya jirani nyingine, na ya kinyozi wa kwenye kona, feizi ya tatu. Kwa macho ni nguzo moja. Lakini ukiichukua alama ya sifuri ya jirani ukaitumia kufungulia trayaki yako, utakosea kila mara, hata kama jirani ni mwaminifu na chipu yako ni nzima. Sifuri yake si yako. Rafiki yako ameoa, amejenga, ameacha kazi akafungua duka. Alifanya kwa wakati wake, kwa wimbi lake. Kuiga tendo si kosa. Tatizo ni kuiga na saa.

Na huo utofauti wa saa ndio unaoliendesha karasha. Ukijumlisha nguvu za feizi zote tatu kwenye mota iliyosawazishwa, katika nukta yoyote ile jumla haibadiliki. Hii ikiwa sifuri, zile mbili zinabeba. Mota haijui kamwe kwamba kuna aliyeishiwa. Yule mama wa kuku, nilipomuuliza kwa nini anahangaika na vifaranga wakati mzee wake ana duara Mwime, alinipa jibu la mtu anayeelewa feizi tatu bila kuzisomea. Mpunga, alisema, unavunwa baada ya masika. Duara linatoa linapotaka. Kuku wanauzika wakati wowote. Hajawahi kuona vyote vitatu vikilala siku moja. Kaya ya duara peke yake ni kaya ya feizi moja. Kila sifuri inaizima. Na kikundi cha kuweka na kukopa chenye wachimbaji watupu kina udhaifu huo huo, kwa sababu wanachama wote wanaishiwa kwa pamoja na wote wanataka kukopa wiki moja. Waingizeni mkulima, mwalimu, muuza dagaa.

Kuhusu karasha lenyewe, dawa ya kunywea kwa taa ipo. Inaitwa softstata, na ndani yake kuna thairista zinazofanya kazi ile ile ya lango, kwenye feizi zote. Inahesabu kutoka sifuri ya kila feizi. Mwanzoni inafungua kwa kuchelewa sana, kila wimbi linalofuata inawahi kidogo, na baada ya sekunde kadhaa mota imeshika mwendo kamili bila jirani kujua. Ina sharti moja: karasha liwashwe likiwa tupu, maana mota inayoamshwa polepole haina msuli wa kusaga tangu mwanzo. Mawe baadaye. Kijana aliyeuza dhahabu nyingi leo ningemshauri jambo hilo hilo. Usizipe fedha kazi zote siku ya kwanza. Funguka kwa kuchelewa, ongeza kidogo kidogo, na usibebe mizigo ya ukoo mzima kabla hujashika mwendo.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujauliza nani amefika juu kiasi gani, kaa na kalamu uandike namba ya sifuri yako: kile nyumba yako inachohitaji mwezi ambao hakuna kilichoingia. Iandike leo. Mweleze mwenzi wako, waeleze watoto waliokua. Kilele kitapanda na kushuka bila kukuomba ruhusa, kwa bei inayopangwa mbali na Geita na mbali na Shinyanga. Namba hiyo moja ndiyo iliyo mikononi mwako, na anayeijua ndiye mwenye uwezo wa kuchagua lini afungue lango.